Kigamba Chini ya Pezi

Kwenye skrini, Mwanamvua alikuwa wa kijani. Kijani maana yake mzima, anapumua, yuko mbali na meli. Somoe aliitazama ile nukta ikitambaa taratibu juu ya ramani ya Mlango wa Mtondo, akaongeza sauti ya spika, akainamisha kichwa asikilize.

"Unasikia?" aliuliza.

Mfaume, nahodha wa boti ya kituo cha utafiti wa nguva, alikuwa amesimama mlangoni akimenya chungwa. "Nasikia maji."

"Ndiyo hayo. Maji matupu, toka juzi."

"Ulitaka usikie taarabu?"

"Nilitaka nisikie mtoto ananyonya."

Mfaume akaacha kumenya. Mwanamvua alikuwa nguva jike, wa kwanza kuzaa tangu kituo kianze kuwabandika nguva vifaa vipya, na watu wa kituo walikuwa wamemfurahia mtoto wake kama wa ndugu yao. Wiki zile za mwanzo mlio wa kunyonya ulisikika vizuri kwenye spika, cho, cho, cho, kisha kimya, kisha cho tena, na Somoe alikuwa akitabasamu peke yake mbele ya skrini kama mwendawazimu.

"Nilimwona jana kwenye droni," Mfaume alisema. "Yule mtoto kakonda, shingo imeingia ndani. Nikadhani ni kivuli cha maji."

"Siyo kivuli."

"Mama yake je?"

"Mama yake kanona. Maziwa anayo, nakuapia. Tatizo mtoto hanyonyi."

Vile vifaa vipya viliitwa vigamba, na vya kwanza kabisa vilitoka kwenye meza ya Somoe. Zamani nguva alifungwa mkanda mkiani, mkanda ukashika kamba, kamba ikavuta boya lenye antena. Boya linanasa kwenye mikoko, mkanda unakatika, na watafiti wanazunguka bahari nzima kumtafuta nguva, wanaokota boya. Somoe alijiuliza ingekuwaje kama mnyama asingeburuza kitu chochote. Kigamba kilikuwa na upana wa kitumbua na wembamba wa ganda la yai. Gundi yake iliiga jinsi kome wanavyong'ang'ania mwamba. Umeme wake ulitokana na joto la mwili wa nguva likikutana na ubaridi wa maji, kwa hiyo hakikuhitaji betri. Nguva akipanda juu kuvuta pumzi, kigamba kinatuma kila kilichosikia na kila kilipopita. Somoe alikitengeneza kisitoke, na kweli hakikutoka.

Kisha bandari ikapanuliwa, meli zikawa nyingi, na kigamba kikaongezewa kazi. Kazi hiyo waliita mguso: umeme kidogo wa kumwambia nguva asogee meli inapokuja.

*

Mchana Somoe alivuka barabara kwenda nyumbani kumnyonyesha Sauda, binti yake wa kwanza, ambaye meno yake mawili yalikuwa yanachungulia. Mama mkwe wake, Bi Tatu, alikuwa amemweka mtoto mapajani anamchezesha. Somoe akaketi mkekani, akamchukua, akafungua vifungo.

Sauda akafungua mdomo kwa pupa, akashika, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyeonjeshwa shubiri. Akajaribu tena. Akarudi tena, safari hii na kilio cha kumwamsha jirani.

Bi Tatu akasogea, akanusa. "Wee mama Sauda! Umejipaka nini hapo?"

"Dawa ya kuchua tu, mama. Mafua yamenibana kifua."

"Dawa ya kuchua! Mtoto amekuja kula, unampa dawa ya kuchua! Mimi ningekuwa yeye ningekung'ata."

"Nimepaka juu tu, huku karibu na shingo."

"Juu, chini, pua yake inajua mipaka yako? Nenda kanawe."

Somoe alinawa kwa sabuni na maji mengi, akarudi na gauni limelowa. Sauda akasitasita, akamkodolea macho mama yake kwa lawama nzito ya mtu mdogo, kisha akakubali. Mkono wake ukapanda, ukajichomeka kwenye kwapa la Somoe, ukatulia humo kama kawaida yake.

Somoe akautazama ule mkono.

Chuchu ya nguva iko kwapani, chini ya pezi la mbele. Kila mtu kituoni aliijua habari hiyo. Ilikuwa imechorwa ukutani kwa rangi, karibu na birika la chai. Na vigamba viwili vya kila nguva vilibandikwa wapi? Chini ya mapezi, kulia na kushoto, kwa sababu ngozi ya pale ni laini, ina joto, na haisuguliwi na mchanga mnyama anapokula nyasi za bahari. Mahali hapo walipachagua kwa kumpima nguva mmoja waliyekuwa naye bwawani, aliyeokolewa nyavuni akiwa taabani. Mfaume alimpa jina Bosi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kula na kulala. Bosi alivaa vigamba msimu mzima, akaguswa na mguso, akageuka vizuri kulia na kushoto, akanenepa.

Bosi alikuwa dume.

"Mbona umeganda?" Bi Tatu aliuliza.

"Mama, tumempaka dawa ya kuchua."

"Nani?"

"Yule nguva."

Bi Tatu alimtazama mkwewe kwa muda. "Hao samaki wako nao wana mafua?"

"Siyo samaki, mama."

"Haya, hao wasio samaki."

*

Dakta Editha Mbunda, mkuu wa kituo, aliingia maabara akamkuta Somoe ameinama, uso mzima ndani ya beseni la maji ya bahari.

"Somoe."

Somoe akainuka, maji yanamchuruzika kidevuni. "Naam, Dakta."

"Kuna sababu ya hili?"

"Nimeweka kigamba cha akiba humu. Nimekiamuru kitoe mguso, uleule wa kawaida, hata kidogo sijauongeza. Onja."

"Sitaonja mali ya mradi."

"Onja, Dakta. Tafadhali."

Dakta akavua miwani, akashika nywele nyuma, akainama na heshima zake zote. Akaruka kama aliyekanyaga msumari. "Ee Mungu! Ni kama kulamba betri!"

"Kwenye ngozi ya nguva mkubwa ni kama mtu amemgusa bega. Nene ile, hasikii zaidi ya hapo. Lakini mtoto ameweka mdomo vidole vinne kutoka hapo, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Kila meli ikipita, mama yake anaambiwa sogea, yeye anaumwa ulimi. Malisho mazuri yote yako ukingoni mwa njia ya meli, na meli hazikatiki. Nimelinganisha rekodi. Siku za meli chache alinyonya. Zilipozidi akapunguza. Sasa ameshajifunza kwamba pale panauma, na hasogei tena hata kukiwa shwari."

Dakta akavuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu wa kubisha kilichomuuma ulimi. Alifuta mdomo kwa kitambaa, akaangalia dirishani kule pwani.

"Unajua nilikuwa nafanya nini kabla hujaja hapa?" alisema. "Nilikuwa nazika. Nguva mwenye mistari ya propela mgongoni, sambamba, kama mkate uliokatwa. Nilizika jike mwenye mimba pale pale unapopaona. Tangu mguso uwashwe sijashika koleo."

"Najua, Dakta."

"Na bandari wanatuvumilia kwa sababu hiyo tu. Nukta zikiwa za kijani, meli zinapita kwa mwendo wao. Hiyo ndiyo ahadi tuliyowapa."

"Ninachotaka ni kuuzima mguso wa Mwanamvua. Wake tu, kwa leo."

"Ukiuzima hauwaki tena."

Hilo Somoe alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Aliogopa siku moja majangili wataiba njia ya kuamuru vigamba, wawaswage nguva kama mbuzi mpaka kwenye nyavu. Ndiyo maana mguso ulipewa njia moja tu ya kuuzima: amri ikifika, uzi mdogo ndani ya kigamba unaungua, na hakuna wa kuuunga tena. Kigamba kitaendelea kusikiliza na kusema mnyama alipo. Kumgeuza hakitaweza milele.

"Tumkamate basi," Dakta alisema. "Tumwondolee vigamba, tubandike vingine, mahali pengine."

Mfaume alikuwa ameingia kimya. "Samahani, Dakta. Jike anayenyonyesha, tumfukuze na boti? Atakimbia mpaka moyo umpasuke. Na mtoto mwenyewe hana nguvu za kumfuata hata akitembea."

"Basi tungoje kikao. Siku chache tu. Tuwaandikie bandari kistaarabu, tuwaeleze."

"Mtoto hana siku chache," Somoe alisema.

Dakta akamgeukia, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Na ukizima, halafu meli ikamkata mama yake? Utakuwa umewaua wote wawili kwa huruma. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na?"

Somoe alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Dakta, sisi tumemfundisha nguva kupisha. Tumemfundisha vizuri mno, mpaka anapisha akiwa ananyonyesha. Meli hatujaifundisha chochote. Kigamba kinajua Mwanamvua yuko wapi kila anapovuta pumzi. Habari hiyo tunamrudishia yeye mwenyewe, kwapani kwake. Kwa nini tusimpe nahodha? Yeye ndiye mwenye usukani."

"Kwa sababu nahodha hataki."

"Hatujawahi kumuuliza."

Dakta akarudisha miwani usoni. Mfaume akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

*

Alasiri kabla maji hayajajaa, Mfaume alipeleka boti taratibu, akaizima injini mbali, akarusha droni. Somoe na Dakta walibaki mbele ya skrini. Kulikuwa na nukta moja ya kijani, na chini kabisa, nje ya boya la kwanza, alama ndefu nyekundu ya meli ya makontena inakuja.

Redio ikakwaruza. "Mama Sauda, nawaona. Mama yuko kwenye nyasi, anakula. Mtoto yuko pembeni yake."

"Pembeni upande gani?"

"Upande wa njia ya meli. Haelekei kumfuata tena. Mama akisogea, yeye anaelea tu. Mama anarudi kumchukua, anamsukuma na pua."

Somoe alipiga hesabu kwa macho. Meli ikikaribia, mguso utamwambia Mwanamvua aende kulia, kwenye kina salama. Ataenda, kama alivyozoea. Na mtoto atabaki akielea pale alipo.

Dakta naye aliliona hilo. Alishika ukingo wa meza.

"Tungoje meli ipite, kisha uzime," alisema, lakini alilisema kama swali.

"Meli ndiyo inayowatenganisha, Dakta."

"Mungu wangu."

"Amri inafika akipanda kuvuta pumzi tu, kwa hiyo nina nafasi moja. Naomba ruhusa. Lakini niseme kweli, sitaki nikudanganye: hata usiponipa nitazima."

Dakta Editha Mbunda alimtazama binti huyu aliyemwajiri akiwa na cheti cha masomo ya jioni na swali moja zuri. Akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyeshindwa na anajua ameshindwa na nini.

"Ruhusa unayo," alisema. "Ila Tindwa wa bandari utampigia wewe. Mimi nikimpigia nitaomba. Wewe hujui kuomba."

"Anapanda," Mfaume alisema redioni. "Pua hiyo. Juu!"

Somoe akabonyeza.

Nukta ikabaki ya kijani kwa pumzi moja nzima, mpaka akadhani amri haikufika. Kisha ikageuka kijivu. Hakukuwa na kengele wala onyo, rangi tu, kama taa iliyopulizwa. Kazi yake ya miaka, ile iliyomfanya aalikwe kwenye mikutano na kupigwa picha, ilikuwa imeungua ndani ya kwapa la mnyama mmoja, na moyo wake haukushtuka. Aliinua simu.

Tindwa, msimamizi wa mwendo wa meli, aliipokea mlio wa kwanza haujaisha. "Kituo cha nguva! Nina nukta ya kijivu huku. Hitilafu, sivyo?"

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, marahaba. Hitilafu?"

"Hapana, Kapteni. Nimezima mwenyewe."

"Umezima? Haya, washa."

"Haiwaki tena. Naomba uisimamishe meli iliyo nje ya boya la kwanza. Bado iko mbali, inaweza."

Nyuma ya Tindwa simu nyingine zilisikika zikilia. "Dada," Tindwa alisema, sasa kwa upole wa kutisha, "unaijua hiyo meli? Ina makontena mpaka mawinguni. Wakala wake amenipigia tangu asubuhi kama mchumba aliyeachwa. Makubaliano yetu ni kwamba nyinyi mnawasogeza wanyama, mimi nasogeza meli."

"Makubaliano yana kipengele cha kijivu. Nukta ikiwa ya kijivu, meli inangoja kauli yetu."

"Kipengele hicho tuliweka kwa heshima! Hakuna aliyetegemea kitumike!"

"Leo kinatumika, Kapteni."

Dakta aliziba mdomo kwa kiganja.

"Na nikiulizwa sababu? Niseme mashine imeharibika?"

Hapo ndipo njia nyepesi ilipokuwa. Neno moja, imeharibika, na kesho wangepewa pole, na vigamba vya majike wengine, wale wenye mimba, vingeendelea kama kawaida mpaka mtoto wa pili naye akonde shingo. Somoe alivuta pumzi.

"Usiseme hivyo. Mashine ni nzima. Sema tulikosea kuibandika. Mguso wetu unamuuma mtoto mdomoni, ameacha kunyonya, anakufa njaa. Majike wengine wakikaribia kuzaa nao nitawazima, mmoja mmoja. Na badala yake nitakuletea kwenye skrini yako mahali pa kila nguva, kila anapopumua, uwaambie manahodha. Kazi hiyo niko tayari kuianza kesho, hapo hapo ofisini kwako, ukinipa meza."

"Na watakaosema vigamba vyenu havifai?"

"Waseme. Sisi tutatengeneza vinavyofaa. Tunajua sasa pa kutobandika."

Tindwa akashusha pumzi ndefu kwenye simu. Sauti yake ikasikika mbali, akiongea na redio ya meli kwa Kiingereza cha bandarini, kifupi kifupi, kisha jibu la nahodha mgeni, kali, lenye mwangwi. Kwenye skrini alama nyekundu iliendelea kuja.

"Mama Sauda," Mfaume akaita redioni, kwa kunong'ona, kama aliyekuwa msikitini. "Mama amelala juu ya nyasi. Ameinua pezi. Mtoto ameweka pua pale. Ameitoa. Anazunguka."

"Anaogopa," Somoe alisema.

"Ameirudisha."

Upepo wa droni ulivuma kwenye redio. Somoe alihisi maziwa yakimtoka yenyewe, vuguvugu, yakilowesha gauni lililokuwa limeanza kukauka, na hakujifunika.

"Haitoi," Mfaume alisema. "Jamani, haitoi tena! Ameshika! Mashavu yanacheza, nayaona hapa!"

Dakta akalia waziwazi, akapekua mkoba kutafuta kitambaa.

Tindwa akarudi kwenye simu. "Dada, nahodha amepunguza mwendo, lakini ana maswali. Anauliza kinachomzuia ni nini, na ni kwa muda gani. Nimjibu. Nisikilize vizuri, nitamjibu neno kwa neno utakavyosema wewe, lawama isiwe yangu."

"Mwambie kuna mtoto ananyonya."

"Na muda?"

"Mpaka ashibe."

Somoe alisikia kiti kikilia, mtu mzito akiinuka. Kisha sauti ya Tindwa ikatoka kwenye redio ya kituo, kwenye ile njia ya wazi ambayo kila chombo mlangoni kinaisikia, ya taratibu na ya mamlaka, kwa Kiswahili kwanza:

"Vyombo vyote, Mlango wa Mtondo. Simameni mlipo. Mbele yenu kuna mtoto ananyonya. Mtaingia akishashiba."

Kwenye skrini, namba ya mwendo wa meli ilishuka, ikashuka, ikasimama kwenye sifuri.